Pombe Nyuma ya Ukuta wa Saudia

Ndugu msikilizaji, mtu akikuambia kwamba Saudi Arabia hakuna pombe, mwulize kwanza anazungumzia upande gani wa ukuta. Sheria ya nchi ile ni nyepesi kuieleza: pombe haitengenezwi, haiuzwi, hainywewi. Lakini sheria ni jambo moja na mwenendo wa watu ni jambo jingine. Kwa zaidi ya miaka 70 habari ya pombe Saudia imekuwa habari ya wageni: nani alikaa ndani ya ukuta, nani alikaa nje, na kila mmoja alibeba pasi ya nchi gani. Jioni hii nataka tuizungumze, maana siku hizi Dar es Salaam, Mombasa na Kampala si rahisi kupita mtaa usikute nyumba iliyompeleka kijana wake Ghuba. Kijana huyo huelezwa habari za mshahara na habari za tajiri atakayemfanyia kazi. Habari za pombe huzikuta huko huko.

Niondoe dhana moja kabla sijaenda mbali. Kwamba Uislamu umeharimisha ulevi, hilo halina mjadala, na mimi si mtu wa kuwafundisha Wasaudia dini yao. Ninachozungumzia ni marufuku juu ya wageni wasio Waislamu, na hiyo haikuanza siku moja na ufalme. Ilikuja mwaka 1952, miaka 20 baada ya ufalme kutangazwa, na chanzo chake ni risasi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1933 serikali ya Mfalme Abdulaziz, ambaye wengi humwita Ibn Saud, ilitia saini mkataba na kampuni ya mafuta kutoka California. Wamarekani wakachimba mashariki ya nchi, karibu na Dhahran, kisima baada ya kisima bila ya faida, mpaka Machi 1938 kisima namba 7 kilipotoa mafuta kwa wingi. Kampuni hiyo baadaye ilikuja kuitwa Aramco. Penye mafuta pakaja wahandisi, na penye wahandisi pakaja wake na watoto wao, na jangwani pakaota kitongoji kama cha Marekani: nyumba zenye viyoyozi, majani mabichi uani, bwawa la kuogelea, sinema, na uzio kuzunguka vyote hivyo. Ndani ya uzio ule pombe ilikuwa halali kwa Wamarekani. Mfalme alijua, akafumba macho, kwa kuwa waliifanya faraghani na mafuta yalikuwa yanatoka.

Nje ya uzio palikuwa na maisha mengine. Wafanyakazi wa Kisaudia walilala katika vibanda vya makuti, na Wataliano walioletwa kutoka Eritrea miaka ya 1940 walikuwa na kambi yao peke yao, duni kuliko ya Wamarekani. Haishangazi kwamba mwaka 1953 wafanyakazi wa Kisaudia walifanya mgomo mkubwa. Hawakugomea pombe, la hasha. Waligomea mshahara, nyumba na dharau. Naitaja habari hiyo ili msikilizaji aone kwamba ukuta ulikuwapo kabla ya marufuku. Marufuku iliukuta tayari umejengwa.

Sasa hiyo risasi. Wakati huo mabalozi walikaa Jidda, mji wa bandari, siyo Riyadh. Miongoni mwa Waingereza wa Jidda alikuwapo Cyril Ousman, naibu wa balozi mdogo, mtu wa karamu na marafiki wengi. Mmoja wa waliofika nyumbani kwake alikuwa Mwanamfalme Mishari, mtoto wa mfalme mwenyewe, kijana wa miaka ipatayo 19. Novemba 1951 kijana huyo, akiwa amelewa, alinyimwa kinywaji zaidi. Alikasirika, akaja na silaha, akafyatua. Ousman akafa.

Hebu fikiri hali ya mzee Abdulaziz. Yu mgonjwa, amebakiwa na miaka miwili tu ya kuishi, na mwanawe amemwua mjumbe wa dola rafiki kwa ajili ya glasi ya pombe. Mfalme alimtia mwanawe gerezani. Mwaka uliofuata, 1952, akapiga marufuku pombe nchi nzima, kwa mgeni na mwenyeji. Kambi ya Dhahran ikaambiwa imwage ilizonazo.

Ni ajabu kidogo, na sitaki kupita bila kulisema. Aliyenyima kinywaji alikuwa mgeni. Aliyelewa na kuua alikuwa mtoto wa ikulu. Aliyenyang'anywa chupa kuanzia siku hiyo ni mgeni. Hata hivyo mfalme alikuwa na haki ya kuona kwamba pale penye pipa la Mzungu, vijana wake hawatakosa kuchungulia.

Je, Wamarekani wa Dhahran waliacha kunywa? Mtu yeyote anayeijua Manzese au Mathare anaweza kujibu. Kama wahandisi wa mafuta wanajua kitu kimoja, basi ni kuchemsha kitu kichafu, kuupitisha mvuke kwenye bomba na kuukusanya ukiwa msafi. Ndiyo kazi yao ya kila siku. Haikuchukua muda, jikoni na katika vibanda vya uani kukawa na mitambo midogo inayopika gongo kwa sukari, maji na hamira. Kikapita mkononi kwa mkono kijitabu kisicho na jina la mwandishi, kilichoitwa The Blue Flame, yaani mwali wa buluu, chenye maelekezo ya kupika salama. Jina lilitokana na kipimo wanachokijua hata wapishi wetu: unawasha kijiko cha pombe, unatazama rangi ya moto.

Gongo hilo waliliita siddiqi, kwa Kiarabu "rafiki yangu", au kwa kifupi "sid". Lilitoka kwenye mtambo likiwa kali mno, likazimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, likanywewa na soda. Walioona haya kunywa kitu cheupe kama maji walilitia vipande vya mti wa mwaloni mpaka likapata rangi ya wiski. Ukipenda lugha utaona jambo: sisi tulilichukua neno la shina lile lile tukapata kusadiki, na wengine wakawaita watoto wao Sadiki. Wao wamelichukua wakaita gongo.

Ikaja neema ya mafuta baada ya 1973. Saudia ikajenga barabara, hospitali, viwanja vya ndege, na kwa ajili hiyo ikaajiri watu kutoka kila pembe ya dunia. Kampuni zikajenga makazi yaliyozungushiwa kuta, yenye lango na mlinzi, na humo Waingereza, Wamarekani na Wajerumani wakaishi maisha yao. Polisi wa dini, wale wanaoitwa mutawa, kwa kawaida hawakuvuka lango. Ikawa ni mkataba usioandikwa: nyinyi msitoke nayo, sisi hatutaingia. Aliyetaka mvinyo alinunua juisi ya zabibu kwa makreti, pamoja na sukari ya kulisha kijiji.

Mzee mmoja wa Ilala aliyekuwa dereva kule Riyadh miaka ya 1990 alinisimulia jinsi alivyokuwa akimpeleka bosi wake dukani. Mhasibu wa duka alitazama makreti ya juisi, akatazama sukari, akapiga hesabu yake bila kuinua uso. Dereva ndiye aliyebeba mizigo. "Kila kreti niliyopakia," aliniambia, "nilijiuliza: tukisimamishwa njiani, nani atasemwa mwenye mzigo?" Siku zote walifika salama. Lakini swali lake ni zuri kuliko majibu mengi niliyopata kusoma juu ya jambo hili.

Siyo kwamba Mzungu hakuguswa kamwe. Mei 1979, Jidda, muuguzi wa Kiingereza aitwaye Helen Smith, mwenye umri wa miaka 23, alikutwa amekufa chini ya jengo la ghorofa, na karibu naye maiti ya nahodha wa Kidachi. Usiku huo juu palikuwa na karamu yenye pombe nyumbani kwa daktari mpasuaji, Mwingereza mwenzake. Ilisemwa kwamba wawili hao walianguka kutoka roshani. Baba yake Helen, Ron Smith, aliyepata kuwa polisi, hakukubali. Alikataa kumzika mwanawe mpaka aelezwe ukweli. Mwaka 1982 baraza la uchunguzi wa vifo la Leeds lilikaa, na wazee wa baraza wakashindwa kutamka kama ni ajali au ni mauaji. Wakaliacha jambo wazi. Mwili ulikaa katika chumba cha maiti miaka 30. Ni mwaka 2009 tu, baba akiwa amezeeka, ndipo binti alipopumzishwa.

Kwa nini nakisimulia kisa hiki? Kwa sababu kinaonyesha marufuku inavyoharibu ushahidi. Watu waliokuwa kwenye karamu ile walikuwa na hofu mbili kwa pamoja: hofu ya kuulizwa juu ya kifo, na hofu ya kuulizwa juu ya chupa. Mahakama ya Saudia iliwahukumu wenyeji wa karamu kwa makosa ya pombe na mwenendo, na viboko vilitajwa katika hukumu. Swali la nani alifanya nini roshanini halikupata jibu kule, wala kwao Uingereza.

Baya zaidi lilikuja mwisho wa mwaka 2000. Novemba 17 bomu lililotegwa garini lilimwua Mwingereza, Christopher Rodway, mjini Riyadh, na mabomu mengine yakafuata yakilenga Wazungu. Serikali ilisema hii ni vita ya wauza pombe: Wazungu wanagombea soko la gongo. Februari 2001 walionyeshwa katika televisheni Mkanada William Sampson, Mwingereza Sandy Mitchell na Mbelgiji mmoja, wakikiri. Sampson na Mitchell wakahukumiwa kufa. Baadaye walieleza kwamba maneno yale yalitolewa vinywani mwao kwa mateso. Mei 2003, wakiwa bado ndani, magari ya mabomu yalilipua makazi ya wageni mjini Riyadh na kuua makumi ya watu, na safari hii hakuna aliyethubutu kusema ni ugomvi wa gongo. Ilikuwa kazi ya Al-Qaeda. Agosti mwaka huo Sampson na wenzake waliachiwa. Walipofungua kesi kwao Uingereza, Baraza la Malordi liliamua mwaka 2006 kwamba dola ya nje ina kinga, haishitakiki.

Naomba msikilizaji asinielewe vibaya. Biashara ya pombe ndani ya kuta ilikuwapo kweli, na yenye faida kubwa. Ndiyo maana kisingizio kile kiliingia akilini mwa watu. Kila mkazi wa makazi yale alikuwa na kosa lake stoo, kwa hiyo kila mmoja aliweza kushukiwa siku serikali itakapohitaji mshukiwa. Fumba-macho ya miaka 50 ilikuwa pia ni deni.

Lakini hata hao walikuwa na balozi za kuwapigia mbiu. Mwaka 2014 mzee wa Kiingereza alikamatwa Jidda akiwa na mvinyo wa kienyeji garini. Familia yake ikapiga kelele kwamba atachapwa viboko, Waziri Mkuu wa Uingereza akaandika barua, na mzee akaachiwa, akarudi kwao. Ni vyema alirudi. Sasa jiulize Mhabeshi aliyekamatwa na pipa nje kidogo ya Riyadh, au Mhindi, au Mbangladeshi. Waziri mkuu gani aliandika barua? Watu hao walikuwa wakipikia watu wa daraja lao, mafundi na vibarua wanaolala kumi chumba kimoja, wasio na ukuta wa kujifichia wala lango lenye mlinzi. Wao walionja bakora na jela, kisha ndege ya kurudishwa makwao na deni la wakala bado shingoni. Viboko vinavyotolewa kwa hiari ya hakimu viliondolewa na Mahakama Kuu ya Saudia Aprili 2020. Kufukuzwa nchini hakukuondolewa.

Mambo haya kwetu si mageni kama tunavyojidai. Mkataba wa Brussels wa 1890, na baada yake ule wa Saint-Germain wa 1919, ilizuia pombe kali isimfikie Mwafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Mzungu aliachiwa yake. Klabuni alipata wiski na barafu, na boi aliyemletea kwa sinia angeshitakiwa kama angeonja. Babu zetu wakapika moshi vichakani. Sisemi mfalme wa Saudia na gavana wa Kiingereza ni kitu kimoja, maana mmoja alifuata dini yake na mwingine alifuata rangi. Ila ukimwuliza mbeba sinia, atakuambia aliona sheria ile ile.

Januari 2024 dunia ilishtuka kusikia kwamba duka la pombe limefunguliwa Riyadh, katika mtaa wa mabalozi. Wateja walikuwa wanadiplomasia wasio Waislamu tu. Mnunuzi alijiandikisha kwa programu ya simu, na simu yenyewe ikafungiwa mfukoni mlangoni asije akapiga picha. Kila mmoja alipewa pointi 240 kwa mwezi: lita ya pombe kali pointi 6, lita ya mvinyo 3, lita ya bia 1. Nimepiga hesabu, ni lita 40 za wiski kila mwezi. Balozi anayezimaliza hizo, nadhani anahitaji daktari kabla ya duka. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia magendo ya mizigo ya kibalozi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mlango wa nyuma wa wiski halisi.

Mwishoni mwa 2025 mashirika ya habari yakaripoti kwamba mlango wa duka hilo umefunguliwa kimya kimya kwa wageni wengine pia, wasio Waislamu, wenye kibali maalumu cha ukaazi. Kibali hicho kilipoanzishwa mwaka 2019 kiliuzwa riyali 100,000 kwa mwaka, au 800,000 kwa mkupuo. Fundi bomba hakinunui. Dada wa kazi za ndani hakinunui. Ukuta umesogezwa, na safari hii umejengwa kwa riyali.

Na nje ya ukuta? Tazama jirani yao Kuwait, ambako nako pombe imepigwa marufuku tangu miaka ya 1960. Agosti 2025, katika siku chache, Wizara ya Afya ya Kuwait ilitangaza watu 160 waliougua kwa pombe yenye sumu, na 23 kati yao wakafa. Karibu wote walikuwa wafanyakazi kutoka Asia. Makumi walifungwa mashine za kusafisha damu, wengine mashine za kupumulia. Sumu iliyowaua inaitwa methanoli.

Hapa naomba usikivu, hasa wewe mwenye mtoto wa kusafiri. Watu husema gongo huua kwa kuwa mpishi hakumwaga matone ya kwanza. Gongo la sukari na hamira huwa na methanoli kidogo mno. Vifo vya watu wengi kwa mkupuo karibu kila mara hutokana na mtu aliyechanganya spiriti ya kiwandani, ile ya kuyeyushia rangi, ili kuongeza makali na faida. Ndivyo ilivyokuwa Nairobi Novemba 2000, mwezi ule ule wa bomu la Riyadh, wakati chang'aa ilipoua zaidi ya watu 100 katika vitongoji vya maskini, nayo wakati huo ilikuwa marufuku kwa sheria ya 1980. Methanoli haina harufu ya kukuonya. Mnywaji hulewa kama kawaida, hulala, na nusu siku au zaidi hupita ndipo kichwa kinapouma, tumbo linapokata, na macho yanapoona ukungu mweupe. Akifikishwa hospitali mapema, dawa ipo na mashine zipo. Akichelewa, hupofuka au hufa.

Na huchelewa. Mhamiaji anayeona ukungu ule saa nane za usiku, katika chumba cha watu kumi, hajiulizi kwanza hospitali iko wapi. Anajiuliza daktari atasema nini akimtajia alichokunywa, na kama atalala wodini au mahabusu. Wenzake nao wanajiuliza hivyo hivyo, kwa kuwa chupa ilikuwa ya wote. Basi wanampa maziwa, wanamfunika blanketi, wanasema tungoje kuche.